Kuchua maumivu: mkono unasaidia wapi, na wapi usiguse



Basoko ni mji mdogo uliokaa pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, na watu wake wanaishi kwa mgongo na mabega. Mvuvi anapiga kasia amesimama tangu alfajiri. Mama anainama shambani mchana kutwa, kisha jioni anatwanga mpunga. Vijana wanaoshusha mizigo ya balenieri wanapita juu ya ubao mwembamba na gunia kichwani, na ubao ukiwa na matope, kifundo cha mguu kinateguka. Upande wa Lokutu, katika mashamba makubwa ya michikichi yaliyoanza wakati wa Wabelgiji, wakataji wanabeba mikungu mizito tangu asubuhi. Wasomaji wetu wa Kisangani wataongeza watu wa toleka wanaokanyaga baiskeli na abiria nyuma, na wale wa Goma na Butembo watatuambia tusisahau wasukuma chukudu.

Siku mwili unapokataa, watu hawa hawaanzi hospitalini. Kutoka Basoko mpaka Kisangani ni kilomita kama 200 za kupanda mto, na balenieri inaondoka ikijaa. Kwa hiyo wanabisha kwa mama fulani au mzee fulani wa jirani mwenye mikono mizito na chupa ya mafuta. Yeye anachua, anakanda kwa kitambaa cha maji ya moto, anafunga. Mara nyingi mtu huyo ni mshirika wa kanisa letu, anaimba katika kwaya, anakaa benchi ya tatu. Ndiyo sababu tunaandika. Mkono wake una faida ya kweli, na kuna mahali ambapo mkono uleule unaweza kumfanya mtoto akatwe mkono.

Tuanze na faida, kwa sababu kuna wakristo wenzetu wanaoidharau. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba habari ya maumivu inapopanda kutoka mwilini kwenda kwenye ubongo inapita kwenye uti wa mgongo kama kwenye mlango. Mishipa inayobeba mguso inaweza kuusukuma mlango huo ujifunge kidogo. Elimu hiyo imerekebishwa mara nyingi tangu hapo, lakini wazo lake la msingi bado linafundishwa, na kila mama amelijua siku zote: mtoto akigonga goti, mkono wa mama unakwenda kupasugua kabla mdomo haujasema neno. Tena msuli uliokazana kwa kazi au kwa wasiwasi unalegea ukichuliwa polepole, na mtu anapata usingizi. Hilo si jambo dogo kwa mtu aliyekesha siku tatu.

Lakini tuseme pia kile ambacho kuchua hakufanyi. Hakurudishi mfupa uliovunjika mahali pake. Hakupanguii "mishipa iliyopandana", maneno tunayoyasikia sana, kwa kuwa mishipa haipandani namna hiyo. Hakutoi "damu mbaya". Na mafuta, yawe ya mawese, ya mbegu za chikichi au yale ya kopo dogo yanayonukia kafuri, kazi yake kubwa ni kuufanya mkono uteleze bila kuchubua ngozi. Yale ya kafuri yanaongeza joto au ubaridi wa juu juu unaoisumbua ngozi na kusahaulisha maumivu kwa muda.

Hapa tunafika kwenye ugomvi wa makanisani. Kuna wahubiri wanaosema kuchua ni kazi ya waganga wa kienyeji, kwa hiyo mkristo asiguse. Kuna wengine wanaofanya kinyume: chupa ya mafuta inaombewa, inauzwa, na yule anayeipaka anaitwa nabii. Hatukubaliani na upande wowote. Isaya, katika sura yake ya kwanza, anapolia juu ya taifa lililojeruhiwa, analaumu kwamba majeraha hayakufungwa wala kulainishwa kwa mafuta. Maana yake ni kwamba kutunza mwili namna hiyo kulikuwa kazi ya kawaida nyumbani mwa watu wa Mungu. Msamaria katika Luka 10 alimwaga mafuta na divai juu ya vidonda, akafunga, kisha akampeleka mgonjwa mahali pa kutunzwa. Na Yakobo anaposema wazee wampake mgonjwa mafuta, neno la Kigiriki alilolitumia ni lile la kujipaka kwa kila siku, kuliko lile lililoleta jina la Kristo, Mpakwa Mafuta. Wafafanuzi wanabishana mpaka leo juu ya uzito wa jambo hilo, nasi hatutaumaliza ubishi huo hapa. Inatutosha kuona kwamba mafuta na mkono havina dhambi. Penye dhambi ni pale mchuaji anapoita mizimu, anapotaja jina la shangazi kuwa ndiye aliyeroga kiuno, au anapomwambia mgonjwa aache dawa za hospitali.

Kifundo kilichoteguka, na mfupa unaofikiriwa umeteguka tu

Kijana ameteleza kwenye ubao wa balenieri, kifundo kimevimba kama embe. Siku hiyo ya kwanza ndiyo watu wanayokosea zaidi: wanachua kwa nguvu, wanakanda na maji ya moto. Ndani ya kifundo, kano zimechanika na damu bado inatoka kwenye mishipa midogo. Joto na kusugua vinaongeza damu, uvimbe unazidi, na kijana anakaa wiki mbili badala ya moja. Kwa siku mbili au tatu za kwanza, usichue. Mguu upumzike, uinuliwe juu ya mto wa kulalia, ufungwe kwa bandeji au kipande cha kitenge bila kubana vidole. Barafu tutaitoa wapi Basoko? Kitambaa kilicholowa maji baridi ya mtungi kinasaidia, dakika kumi na tano, mara kadhaa kwa siku. Baada ya hapo, uvimbe ukianza kushuka, mkono wa mchuaji unakaribishwa: taratibu, kutoka vidoleni kupanda kuelekea goti, na mguu uanze kuchezeshwa na kukanyaga kidogo kidogo. Kifundo kilichofungwa mwezi mzima bila kusogea kinakuwa kigumu.

Lakini tutajuaje kwamba hakuna mfupa uliovunjika, na mashine ya picha iko mbali? Miaka ya 1990 madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, walitengeneza kanuni ambayo haihitaji umeme. Bonyeza kwa kidole ule ukingo wa nyuma na ncha ya mfupa uliotokeza kila upande wa kifundo. Bonyeza pia mfupa wa katikati ya mguu upande wa nje, na ule wa upande wa ndani mbele ya kifundo. Kisha mwombe mtu atembee hatua nne, hata kwa kuchechemea. Ikiwa mfupa wenyewe unauma unapobonyezwa, au hawezi hatua nne, mchukulie kama aliyevunjika mpaka picha ikatae. Kama haumwi pale na anaweza kutembea, kuvunjika ni jambo la nadra sana. Kanuni hii ni ya kifundo na mguu wa mtu mwenye akili zake. Usiitumie kwa mlevi, wala kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza. Wachuaji wetu wangeijua hii moja tu, wangeokoa watu wengi.

Sasa mfupa ukiwa umevunjika. Hatutaki kuwatukana wafungaji wa mifupa wa vijijini. Mfupa umeumbwa ujiunge wenyewe ukitulizwa, na ndiyo sababu wengi wanaofungwa kwa vijiti vya mwanzi wanapona. Mfungaji anapata sifa ambayo sehemu kubwa ni ya mfupa. Hatari iko katika mambo mawili. La kwanza ni kuchua na kuvuta kila siku mahali palipovunjika, kiasi kwamba kile kilichoanza kuunganika kinavunjwa tena. Kiwiko cha mtoto ni kibaya zaidi: kikichuliwa kwa nguvu baada ya kuumia, mfupa unaweza kuota ndani ya msuli wenyewe, na mkono usinyooke tena.

La pili ni kubana. Mkono uliovunjika unavimba. Vijiti vilivyofungwa vizuri asubuhi, jioni vimekuwa kitanzi. Damu haipiti, na baada ya saa kama sita nyama inaanza kufa. Mtoto analia usiku kucha, wazazi wanaambiwa "avumilie, dawa inafanya kazi", na asubuhi halii tena kwa sababu mishipa ya kuhisi imekufa. Vidole vyeusi na baridi havirudi. Hospitali haitakuwa na la kufanya zaidi ya kukata, na mzazi atarudi kijijini akisema hospitali ndiyo iliyokata mkono wa mwanawe. Madaktari wa upasuaji katika Afrika yote wanaijua habari hii kwa uchungu.

Kwa hiyo mtu akifungwa vijiti, au hata plasta ya hospitali, yeyote wa nyumbani aangalie vidole kila saa siku ya kwanza. Viwe na joto, viwe na rangi, vihisi mguso. Jaribu kuvinyoosha taratibu: kama kuvinyoosha kunamfanya apige kelele, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, fungua saa hiyohiyo, usiku au mchana, bila kumwomba ruhusa aliyefunga. Kama ni plasta, mrudishe hospitalini usiku huohuo, wao wataipasua. Vijiti ni vizuri sana kwa safari, kumtuliza mtu kwenye mtumbwi mpaka afike kwa daktari, lakini viwekwe juu ya kitambaa laini na fundo liruhusu kidole kupita chini yake. Na mfupa uliotoboa ngozi, usiupake mafuta wala majani wala chochote: funika kwa kitambaa safi, tuliza, peleka, na uulize sindano ya pepopunda.

Mgongo

Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Hakuna ugonjwa mwingine unaowalemaza watu wengi kiasi hicho. Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo yanayodumu zaidi ya miezi mitatu, na ndani yake kuchua kunakubaliwa pamoja na mazoezi, elimu na baadhi ya dawa. Mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa mashine havikupendekezwa. Mzee wa kijiji anayechua kiuno kwa mafuta ya mbegu za chikichi anaweza kufurahi kusikia kwamba Geneva haiko mbali sana naye.

Ila mwongozo huo unataka kuchua kuwe sehemu ndogo ya jambo kubwa zaidi, na jambo lenyewe ni kusogea. Mtu aliyelala siku kumi ili kuutunza mgongo anauharibu. Misuli inayoushika inalegea. Mama arudi kutembea, ainue mzigo kwa kukunja magoti, agawe beseni moja zito liwe safari mbili. Tunajua ni rahisi kuandika kuliko kufanya kwa mjane mwenye shamba lake peke yake. Hapo majirani wa ibada za nyumbani wana kazi: siku tatu za kumbebea maji zinamsaidia kuliko chupa nzima ya mafuta.

Wengi wetu, tukikosa hayo, tunakimbilia vidonge. Katika masoko yetu utakuta indometasini, diklofenaki na dexa zikiuzwa moja moja juu ya meza, juani. Mbebaji anameza asubuhi ili aweze kubeba, jioni anameza ili alale. Zile mbili za kwanza zikitumiwa miezi zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Dexa inaficha maumivu, inanenepesha uso, inapandisha sukari na shinikizo la damu, inaushusha ulinzi wa mwili, na mtu aliyeizoea akiikata ghafla anaweza kuanguka. Ukilinganisha, mkono unaochua vizuri ni dawa ya upole, na hiyo ni sababu nyingine ya kutowafukuza wachuaji.

Kuna mgongo usioguswa. Kama maumivu yanakuja na homa, kukonda, jasho la usiku au kikohozi kirefu, au kama uti wa mgongo umeanza kutokeza nundu, fikiria kifua kikuu. Ndiyo, kinakaa pia kwenye mifupa ya mgongo, na Percivall Pott, daktari wa London, alikieleza tangu 1779. Mfupa huo umeoza ndani. Ile desturi ya kumwambia mtoto apande atembee juu ya mgongo wa babu inaweza kuupasua na kumlaza babu miguu yote miwili. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure katika vituo vya afya, na mgonjwa wa mgongo anazihitaji kwa muda mrefu zaidi kuliko wa mapafu. Vivyo hivyo mtu ambaye miguu inakufa ganzi, au mkojo unamtoka bila kujua, apelekwe leo, asingoje balenieri ya Jumamosi.

Watu wengine wasiokandwa ovyo

Mjamzito asikandwe tumbo, hata kwa nia ya kumgeuza mtoto. Kondo linaweza kubanduka, mji wa mimba unaweza kupasuka, na mama anaishiwa damu ndani bila kuonekana tone nje. Mama aliyejifungua, akiwa na mguu mmoja uliovimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, asichuliwe: huenda ni damu iliyoganda, na ikisukumwa inaweza kupanda hadi mapafuni na kumuua.

Mtoto wa SS anapopata maumivu makali ya mifupa, mama yake anataka kumchua, na mkono mwepesi pamoja na kitambaa cha vuguvugu vinamtuliza kweli. Asikandwe kwa nguvu, asiogeshwe maji baridi, anyweshwe maji mengi. Ikija homa, ni hospitali siku ileile. Yule aliyepooza upande mmoja ghafla, mara nyingi kwa shinikizo la damu, hataamshwa na kuchuliwa peke yake. Anahitaji kukalishwa, kusimamishwa, kufundishwa upya kila siku, na shinikizo lake kutunzwa. Familia nyingi zinapoteza wiki za kwanza, ambazo ndizo za thamani, zikimtafuta aliyeroga.

Kisha kuna mtoto aliyechomwa sindano ya kwinini kwenye tako na tangu siku hiyo anaburuta mguu. Sindano iligusa mshipa mkubwa wa fahamu. Kuchua hakuufufui mshipa huo, lakini kukichezesha kifundo chake kila siku kunazuia mguu usikauke umepinda, wakati tukingoja kuona kama mshipa utajirudia wenyewe.

Wembe, vipele na adabu

Wachuaji wengine wanakata chale na kupaka dawa ndani. Wembe mmoja kwa watu watano ni njia ya virusi vya UKIMWI, ya homa ya ini na ya pepopunda. Juu ya hili hatuna la kupunguza: mchuaji wa kanisani asikate mtu.

Na tusisahau mpox. Mgonjwa wa kwanza wa binadamu kujulikana duniani alipatikana mwaka 1970 Basankusu, jimbo la Equateur, jina ambalo wageni wanalichanganya na Basoko. Ugonjwa huo haujatoka katika misitu yetu, na Tshopo inaufahamu vizuri. Unapita kwa ngozi kugusana na ngozi, kitu ambacho kuchua ndiyo chenyewe. Mwenye vipele vyenye maji au usaha asichuliwe, na mchuaji mwenye vipele afunge kazi. Maji na sabuni kabla na baada ya kila mtu. Wachungaji wanaoweka mikono juu ya wagonjwa nao wanahusika.

Kuhusu adabu tutasema kwa ufupi, maana kila mmoja anajua tunachozungumzia. Mwanamke achuliwe na mwanamke, mlango usifungwe, ndugu mmoja awepo, na sehemu inayouma peke yake ndiyo ifunuliwe. Yeyote anayesema mafuta yake yanafanya kazi gizani tu, au katika chumba cha maombi watu wawili peke yao, aripotiwe kwa wazee wa kanisa, na kama amemdhuru mtu, kwa polisi.

Kuwafundisha walio karibu

Sisi Waprotestanti wa mto huu tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 1920 daktari Mwingereza wa misheni ya Wabatisti, Clement Chesterman, alifika Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, wakati malale ilikuwa inamaliza vijiji. Hakuweza kuwa kila mahali. Akawafundisha vijana Wakongo kupima na kuchoma sindano, na zahanati zikasambaa kando ya mto zikiendeshwa na wao. Baadaye Stanley Browne alifanya kazi palepale juu ya ukoma, na ng'ambo ya mto, Yalisombo, palikuwa na makao ya wagonjwa wa ukoma. Utunzaji wa mkono uliokufa ganzi kwa ukoma bado ni kazi ya maji na mafuta: kuuloweka, kusugua taratibu ngozi ngumu, kuupaka mafuta ukiwa bado na unyevu ili usipasuke, kunyoosha kila kidole kwa mkono wa pili. Mgonjwa anajifanyia mwenyewe kila siku, lakini lazima mtu amwonyeshe kwanza.

Kazi ileile inawezekana kwa wachuaji. Parokia ina jengo, ina benchi, ina siku ya Jumatano baada ya ibada ya akina mama. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya, au mtu wa kinesiterapia akipita kutoka Kisangani, anaweza kukaa nao saa mbili: hatua nne za Ottawa, vidole vinavyoangaliwa kila saa, magonjwa yasiyoguswa. Wao nao watamweleza ni nani kijijini ana mguu uliofungwa tangu wiki iliyopita, habari ambayo kituo cha afya hakikuwa nayo. Tumesikia wauguzi wakisema kuwakaribisha wachuaji ni kuwapa cheo. Wana cheo tayari. Watu wanawafuata usiku.

Kuna wagonjwa ambao wachuaji hawa wangewaona mapema kuliko yeyote, nao ni watoto wanaozaliwa na nyayo zilizogeukia ndani. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, kama mmoja anakuja hivyo. Bibi anaichua miguu kila asubuhi akiivuta inyooke, na nia yake ni nzuri, lakini jioni imerudi palepale. Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba mkono unaweza kuinyoosha, ila kwa mpangilio: mtaalamu anausogeza mguu kidogo, anaushika hapo kwa plasta, na baada ya wiki anaifungua na kuusogeza tena. Plasta tano mpaka saba zinatosha kwa wengi, kisha mara nyingi kano ya nyuma ya kisigino inakatwa kidogo sana, na mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma.

Inafaa kuanza wiki za kwanza za maisha, wakati mifupa bado laini, ingawa hata mtoto mkubwa zaidi asikatiwe tamaa. Viatu hivyo vinavaliwa karibu mchana na usiku kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha wakati wa kulala tu mpaka mtoto afike miaka minne hivi. Familia nyingi zinaviacha mwaka wa pili, mtoto akiwa anakimbia na jirani akiuliza kwa nini bado mnamfunga, na miguu inapinda tena. Mkipata mtoto kama huyo katika mtaa wenu, mwulizeni mama yake kuhusu viatu kila mwezi, na mkiona vimekuwa vidogo, msaidieni nauli ya kurudi Kisangani.